Folda ya Nakonde

Nikianza habari hii kwa upole nitakuwa nadanganya. Mama yangu alizikwa kijijini kwetu Isansa bila mdogo wake wa tumbo moja kuwepo kaburini, na kilichomzuia si mto, si mpaka, wala si ugonjwa. Ni programu ya kompyuta. Programu hiyo niliikagua mwenyewe miezi kadhaa kabla ya msiba, nikaona ubovu wake, nikawaambia wenye nayo, wakanijibu kama watu wanaofukuza nzi kwenye chai. Wenzangu wa kanisani huniambia nisamehe, mashine ni mashine. Mashine sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu.

Mimi ni fundi wa kompyuta Tunduma. Kibanda changu kiko kando ya barabara ambayo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka, kwa hiyo nimezoea kufanya kazi huku madereva wakigombana dirishani kwangu. Wateja wapya wakiingia huniuliza fundi yuko wapi. Huwajibu ametoka, kisha naendelea kufungua mashine yao. Mwanamke mwenye bisibisi bado anawashangaza, na mimi nimechoka kuwaelimisha bure.

Miongoni mwa wateja wangu ni redio moja ndogo ya hapa mjini. Redio hiyo inapiga muziki, inahubiri, inatangaza mbolea, lakini kitu kinachoifanya isikilizwe na kila nyumba ni matangazo ya vifo. Huku kwetu nusu ya ukoo iko Mbozi na Momba, nusu nyingine iko Zambia. Mtu akifa, redio ndiyo inayovuka mpaka kwanza. Unaweza kukuta mwanaume anabishana bei ya mafuta ya kula, akisikia mlio wa matangazo ya vifo ananyamaza, na muuzaji naye ananyamaza.

Sasa Nakonde, mji wa Zambia, iko hapo ng'ambo tu, lakini saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Sisi ikiwa saa saba mchana, watu wameketi kula, wao ni saa sita na bado wako shambani. Kwa miaka walilalamika kwamba tunawasomea misiba wakati hakuna mtu nyumbani. Redio ikaona ni haki yao. Ikaanza kusoma mara mbili: saa saba yetu, kwa ajili yetu, halafu saa nane yetu, ambayo kwao ndiyo saa saba, kwa ajili yao. Mama mdogo wangu alikuwa msikilizaji wa hiyo ya pili. Aliolewa upande wa Zambia tangu usichana wake, na kwa miaka ya karibuni alikuwa analima mbali ndani kabisa, mahali ambapo simu haishiki mpaka upande kichuguu. Redio yake ya betri, hata hivyo, ilikamata vizuri. Alikuwa hali chakula cha mchana bila kuiwasha.

Redio ilinunua programu ya kupanga na kurusha matangazo kutoka kwa kampuni moja ya mbali, yenye vijana wanaovaa vitambulisho shingoni. Ndani ya kompyuta kuna folda ya Tunduma na folda ya Nakonde. Saa saba programu inafungua ya Tunduma na kurusha kilichomo, ikimaliza inafuta ili kesho ianze upya. Saa nane inafanya vivyo hivyo kwa ya Nakonde. Ili isisumbuliwe na mtu, walioitengeneza waliipa mamlaka yote ya kompyuta. Ikitaka kufuta chochote, popote, haiulizwi na haiulizi.

Hapo ndipo nilipoitilia shaka. Kwenye kompyuta kuna kitu kinachoitwa kiungo. Ukikitazama kinaonekana ni faili au folda ya kawaida, lakini ndani yake hakuna kitu isipokuwa maelekezo: unachotafuta kiko kule. Ni kama kibao cha njia. Programu yenye akili ikiambiwa ifute, ikikuta kibao, inang'oa kibao na kuishia hapo. Programu ya kipumbavu inafuata kibao mpaka kwenye nyumba, inavunja nyumba, inarudi ikitembea kwa raha zake. Nikatengeneza folda ya majaribio, nikaweka ndani yake kiungo kinachoelekeza kwenye picha zangu za zamani nilizokuwa na nakala zake, nikaiacha programu ifanye usafi. Picha zote zikaondoka. Nikajaribu tena kwa vitu vingine. Vikaondoka.

Niliwaandikia wale vijana wa vitambulisho barua pepe ndefu yenye maelezo ya kila hatua na picha za kioo cha kompyuta. Jibu lao nalikumbuka vizuri kuliko mistari ya Biblia. Walisema hilo ni jambo la kinadharia, kwamba ili litokee lazima mtu mbaya awe tayari ameingia ofisini kwetu, na kama ameingia basi tuna tatizo kubwa kuliko programu yao. Wakanishukuru kwa kuwa mteja. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Vichwani mwao kiungo kinawekwa na mhalifu tu. Haikuwapitia hata mara moja kwamba mtu mwema, mwenye kazi nyingi na nia safi, anaweza kukiweka kwa sababu kinamsaidia.

Nikaenda kwa meneja wa redio. Nikamwomba aniruhusu niipunguzie programu mamlaka, akasema mkataba unakataza kuigusa. Nikamwomba basi awaambie wote wanaotumia kompyuta ile wasiweke viungo kwenye folda zile. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: umefanya kazi nzuri sana, dada, nitalifikisha kwenye kikao. Hakulifikisha popote. Aliogopa wafanyakazi wasije wakaanza kuidharau programu iliyonunuliwa kwa sherehe na keki.

Baadaye wakaajiri mama mmoja mpya wa kupokea matangazo ya vifo. Mama huyu ni mtu wa watu, ana sauti ya kufariji, na ana kichwa. Aliona tatizo ambalo wenzake walilivumilia kwa miaka. Misiba yetu haikai na ratiba moja. Asubuhi ukoo unasema tunazika keshokutwa, kabla ya saa sita unasema kesho, halafu anapiga shemeji kutoka Ndola kuomba asubiriwe. Kila badiliko lilipaswa kufanywa kwenye folda zote mbili, na ilishatokea wakabadilisha ya Tunduma wakasahau ya Nakonde, watu wa ng'ambo wakafika siku ambayo watu wanaosha masufuria. Kwa hiyo kwa misiba inayobadilika-badilika, yule mama akaamua kuweka tangazo lenyewe kwenye folda ya Nakonde, kwa kuwa ndiyo inayosomwa mwisho, na kwenye folda ya Tunduma akaweka kiungo tu. Akibadilisha mahali pamoja, pande zote zinapata habari moja. Ningekuwa mimi, bila kujua nilichokijua, ningefanya hivyohivyo.

Msiba wake wa kwanza kuufanyia hivyo ulikuwa wa mama yangu.

Mama alifariki alfajiri, hospitalini, baada ya kuugua muda mfupi. Mwanzoni wazee walisema tuzike keshokutwa. Mchungaji akasema siku hiyo ana ibada nyingine mbali, basi ikawa kesho saa nane mchana. Nilimpigia yule mama wa matangazo mara mbili nikilia, naye mara mbili akaniambia, "Pole, mwanangu, nimeshabadilisha, usihangaike." Ndugu wa Nakonde mjini tuliwapigia simu. Mama mdogo simu yake haikupatikana, na hatukushangaa, msimu wa kupanda alikuwa anakaa hukohuko shambani.

Saa saba tulikuwa tumejaa nyumbani Isansa, wanawake ndani, wanaume nje pembeni ya mibuni. Mtu akaongeza sauti ya redio. Tukalisikia tangazo letu kwa masikio yetu. Lilitaja jina la mama, likataja sisi watoto, halafu likasema: afikiwe na taarifa hizi mdogo wake wa tumbo moja, popote alipo. Wanawake wakalia upya. Binamu yangu alikuwa amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi, anataka kwenda kumfuata mama mdogo kwa njia za panya na matope yake. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa anaongoza msiba. Akamwambia, "Keti, mwanangu. Redio imeshafika kabla yako."

Binamu akaketi. Hakuna aliyesikiliza tena ile saa nane. Ya nini? Tulikuwa tumeshasikia.

Kesho yake tulimsubiri. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Ndugu wa Nakonde mjini walikuwa wamefika, watu wa Ndalambo walikuwa wamefika juu ya lori la mahindi, hata jirani aliyegombana na mama kuhusu mpaka wa shamba alifika akabeba benchi. Kwetu wa tumbo moja ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Waliweka jeneza pembeni ya shimo, na mchungaji akarudia wimbo uleule mpaka kwaya ikaanza kukauka sauti. Jua lilipoanza kushuka baba mkubwa akasema wafukie. Udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Na hapo maneno yakaanza. Huku kwetu ukikosa msiba wa ndugu yako wa tumbo moja na ikajulikana umeambiwa, hujitafutii lawama tu, unajitafutia jina la mchawi. Wakati wa kuanua matanga watu walishaanza kukumbuka mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Eti mama na mdogo wake hawakuwa wakielewana. Eti alipokuja mara ya mwisho aliondoka bila kuaga vizuri. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba mtu asiyetaka kulitazama kaburi ana sababu yake. Nilimwambia afunge mdomo, mbele ya watu wote, na sijamwomba radhi.

Mama mdogo alikuja siku chache baadaye. Nilikuwa nimeinama naosha vyombo nikasikia sauti yake kutoka njiani, ileile ya miaka yote, ya mtu anayebisha hodi kwa heshima ya ng'ambo akijua atapokelewa kwa shangwe. "Odi, mukwai! Dada, toka nje unitue mzigo, shingo imekatika!"

Kichwani alikuwa na kifurushi cha mbegu ya ulezi. Mama alikuwa amemwomba mbegu hiyo tangu mavuno.

Niliinuka na mikono yenye povu. Yeye akaendelea kutabasamu, akaangalia nyuma yangu mlangoni, akaangalia turubai ambalo hatujalirudisha, akaangalia kichwa changu kilichonyolewa. Kisha akashusha mzigo mwenyewe.

Baba mkubwa alitoka nje akamwangalia bila kumpa mkono. "Umekuja kufanya nini sasa?"

"Nimeleta mbegu, shemeji. Kuna nini hapa?"

"Usitufanye watoto. Redio imesema, wote tumesikia."

"Redio yangu ilikuwa inasema kila siku," mama mdogo akajibu. "Nakula, yenyewe inasoma. Wamesoma mzee wa Chiwanda, wamesoma mtoto wa yule mwalimu. Dada yangu hawakumsoma."

"Basi wewe ni mwongo," baba mkubwa akasema, akaingia ndani.

Nilimshika mkono nikataka kumpeleka kaburini. Akagoma. Aliketi chini jikoni, mgongo ukutani, macho makavu. "Sijaambiwa," akasema. "Wewe umeambiwa, yeye ameambiwa, majirani wameambiwa. Mimi sijaambiwa. Siwezi kwenda kwenye kaburi la mtu ambaye sijaambiwa amekufa." Tulimwambia sisi wote kwa zamu, kwa Kiswahili na kwa Kinamwanga. Alitusikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Alitaja matangazo mengine yaliyosomwa, kwa hiyo redio yake haikuwa mbovu. Kesho yake nilishuka Tunduma, nikaenda moja kwa moja kwa yule mama wa matangazo, nikamwomba anionyeshe alivyoliweka tangazo letu. Akanionyesha kwa fahari kidogo, masikini, maana alijua kazi yangu na alidhani nitampongeza. Hapa kiungo, hapa faili lenyewe. Tulitengeneza tangazo la uongo lisilo na maneno, tukaliweka kama alivyoliweka letu, tukasubiri saa saba ipite. Programu ikarusha, ikaanza usafi upande wa Tunduma, ikakuta kiungo, ikakifuata hadi folda ya Nakonde, ikafuta faili. Saa nane ilipofika ikasoma matangazo mengine yote, na palipopaswa kuwa na letu ikapita bila hata kikohozi.

Kwa hiyo Tunduma tulisikia, na kule kusikia kwetu ndiko kulikomfutia yeye.

Yule mama akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nilimwambia si yeye. Nilimwambia kwa sauti kubwa mno mpaka mtangazaji akatoa kichwa studio. Meneja alipoitwa, jambo la kwanza alilosema ni kwamba hayo ni makosa ya kibinadamu na yule mama ataandikiwa barua ya onyo. Nilimuuliza binadamu gani. Binadamu aliyetaka watu wa pande mbili wapate habari moja, au binadamu aliyeambiwa na mimi, katika chumba hikihiki, akalikalia? Alijifanya hamnazo. Alisema hakumbuki mazungumzo hayo.

Nikawapigia wale vijana. Aliyepokea aliniambia kwa adabu sana kwamba mteja ametumia mfumo kinyume na maelekezo. Nikamwambia mama yangu amefukiwa. Akasema, "Pole sana. Je, ungependa nikufungulie tiketi ya malalamiko?" Sijui kama ana mama. Nilimkatia simu, la sivyo ningemtukana matusi ya madereva wa malori ambayo ninayajua yote.

Nilikuwa nimebaki na ombi moja tu. Nilimtaka meneja alisome tangazo la mama, saa ya Nakonde, na aeleze kwamba halikusomwa siku ile kwa hitilafu ya redio, ili mama mdogo aambiwe na ukoo usikie. Kusoma alikubali. Kueleza hitilafu alikataa katakata, eti wafadhili wanasikiliza, eti jina la kituo. Yule mama wa matangazo alikuwa bado na sauti yenyewe kwenye simu yake, alikoirekodi kabla ya kuihamishia kwenye kompyuta. Meneja akasema basi tutalirusha hilohilo, kama lilivyo, tutaliita marudio. Nilimwambia linasema mazishi ni kesho. Akasema ndivyo atakavyofanya, nikitaka nichukue, nisipotaka niache.

Nikachukua, huku nikimchukia.

Siku iliyofuata nilikuwa Isansa. Baba mkubwa nilishamweleza mara tatu mambo ya viungo na folda, na kila mara aliniuliza vipi kompyuta imfute mtu mmoja iwaache wengine. Alikubali kuketi sebuleni kwa sababu nilimwomba kwa heshima ya baba yangu. Mama mdogo aliketi karibu na redio, kikombe cha chai mkononi, kwa kuwa kwake hiyo ilikuwa saa saba na saa saba huwa yuko karibu na redio. Mlio wa matangazo ya vifo ukapigwa. Yule mama mwenye sauti ya kufariji akalitaja jina la mama yangu, akasema amefariki dunia alfajiri ya leo, akataja watoto. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana, nyumbani kwake Isansa. Afikiwe na taarifa hizi mdogo wake wa tumbo moja, popote alipo.

Mama mdogo aliweka kikombe chini.

"Nakuja," akaiambia redio. Halafu kilio kikamtoka, kile ambacho tulikuwa tumekilia sisi tukakimaliza, na hapakuwa na mtu wa kumwitikia. "Nakuja, dada. Kesho nafika. Waambie wanisubiri."

Baba mkubwa alishika kiti kwa mikono yote miwili, akasimama. "Tulikusubiri, shemeji," akasema. "Tulikusubiri mpaka jua likashuka. Mimi ndiye nilisema wafukie. Na yule mtoto na pikipiki yake, mimi ndiye nilimwambia aketi."

Wale vijana walitoa toleo jipya la programu miezi iliyofuata. Nililiweka mwenyewe, nikalijaribu, na sasa halifuati viungo. Katika maelezo yake, suala hilo lilipewa mstari mmoja: maboresho madogo. Hakuna aliyeniandikia. Yule mama wa matangazo bado ana barua ya onyo kwenye faili lake.

Lakini siku ile ya marudio mama mdogo alifunga kitenge chake vizuri, baba mkubwa akatangulia, sisi tukafuata katikati ya mibuni. Alipofika kaburini aliinama akaokota udongo, kama anavyopaswa kufanya wa tumbo moja, akasimama nao mkononi. Alitazama tuta lililokwisha kukauka kutoka upande huu mpaka ule. Alikuwa anatafuta pa kuutupa.